Je, Asiyejua Maneno ya Mchezo Amekubali Kucheza?

Ukivuka mpaka wa Busia kwa miguu kutoka upande wa Uganda, safari yenyewe ni ya dakika chache, lakini kuna maneno yanayobadilika maana kabla hujafika ng'ambo. Wale samaki wadogo wanaoanikwa juani, ambao kwetu ni mukene, huwa omena. Matatu, ambayo Uganda ni mchezo wa karata unaochezwa chini ya miembe na kwenye vituo vya bodaboda, Kenya ni gari la abiria. Na poka, ambayo kwingineko duniani ni mchezo wa fedha na vitisho, kwa vijana wengi wa Kenya ni mchezo wa kumaliza karata mkononi, unaofanana sana na matatu yetu. Hata neno bodaboda lenyewe husemwa kuwa lilizaliwa hapa, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakiwaita abiria wa kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Mwaka 1902 Waingereza walilihamisha jimbo la mashariki la Uganda na kulitia katika eneo ambalo leo ni Kenya, na hatimaye sisi Wasamia tukawa watu wa nchi mbili. Mtu wa Lunyo hujifunza mapema kuuliza neno lina maana gani upande huu na lina maana gani upande ule.

Insha hii inahusu maneno ya poka, ile poka ya fedha, na swali ambalo maneno hayo yamenilazimisha kulifikiria: mtu akikaa mezani bila kuijua lugha ya meza hiyo, kisha akapoteza, je, tunaweza kusema alikubali? Wengi hujibu haraka kwamba ndiyo, kwa kuwa hakuna aliyemshika mkono. Mimi sioni kuwa jibu ni jepesi hivyo, ingawa pia sitaki kulia kwa niaba ya kila anayepoteza fedha. Wapo ambao wangeshinda wangetupita barabarani bila salamu.

Kiswahili si mgeni wa karata. Wareno walianza kujenga Fort Jesus mjini Mombasa mwaka 1593 na wakafukuzwa mwaka 1698, lakini karata zao hazikuondoka nao. Shupaza, kopa, uru na pau ni majina yenye asili ya Kireno, na turufu vilevile, hiyo ambayo magazeti yetu huitumia kila mwanasiasa anapokuwa na jambo la kumshinda mwenzake. Katika msamiati wa zamani wa pwani, karata zenye picha za watu huitwa wazungu: mzungu wa pili, mzungu wa tatu, mzungu wa nne, yaani bibi, mtumishi na mfalme. Hesabu hizo zinafuata alama ambazo kila karata hubeba katika michezo ya Kireno. Jina la mchezo wa Unguja uitwao wahidi wa sitini ni Kiarabu cha sitini na moja, kwa sababu alama zote ni 120 na mwenye 61 ameshapita nusu. Neno kamari nalo ni la Kiarabu. Nimeyataja haya ili msomaji asidhani kwamba maneno ya karata ni takataka za vijiweni tu. Ni historia ya nani alikutana na nani, na mara nyingi ya nani alimshinda nani.

Sasa tuuangalie mchezo ambao Wakenya huuita poka au kadi. Unatupa karata inayofanana rangi au namba na ile iliyo juu. Mbili na tatu humlazimisha anayefuata kuokota. Nane na bibi ni swali, na swali lazima lijibiwe. Mtumishi humruka mtu, mfalme hurudisha mchezo nyuma, ree humwokoa aliyelazimishwa kuokota. Lakini kanuni inayonivutia zaidi ni ya mwisho. Ukifika mahali ambapo zamu yako ijayo unaweza kumaliza, ni lazima utangaze kwa sauti: "Niko kadi." Usipotangaza huwezi kumaliza, hata kama karata yako inaingia sawasawa. Mchezo unakulazimisha uwaonye unaotaka kuwashinda. Wote husimama, hukutazama, na hutafuta namna ya kukuzuia. Sijui ni nani aliyeibuni kanuni hii, lakini naipenda kuliko kanuni nyingi nilizosoma katika somo la maadili.

Poka ya fedha imejengwa kinyume cha hapo. Katika aina yake inayojulikana zaidi, Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, na karata tano huwekwa wazi katikati ya meza kwa ajili ya wote: tatu kwa pamoja, ambazo huitwa flopu, kisha moja iitwayo tani, kisha ya mwisho iitwayo riva, yaani mto. Kabla ya karata kutazamwa, wachezaji wawili hulazimika kuweka fedha bila kuona chochote, na fedha hizo huitwa blaindi, upofu. Kila hatua mtu anaweza kufuata dau la mwenzake, kulipandisha, au kukunja karata zake na kujitoa. Kuna njia mbili za kushinda. Ya kwanza ni kuwa na karata bora mwishoni. Ya pili ni kuwafanya wengine wote wakunje, na hapo hakuna anayelazimika kuonyesha alichokuwa nacho. Ni hiyo njia ya pili inayouzaa moyo wa mchezo, ambao Kiswahili cha mitaani kina neno lake zuri: kupiga mkwara. Unaweka fedha nyingi ukiwa huna kitu, na uso wako unasema unacho.

Msamiati wa poka una maneno ya karata, kama haya niliyoyataja, na maneno ya watu. Mwili unapokusaliti, labda mkono ukitetemeka au ukimeza mate, hiyo ni dalili, na wazoefu huisoma. Aliyeshindwa mara moja kisha akaanza kucheza kwa hasira huitwa aliyeinama, kama mashine iliyosukumwa ikapoteza usawa. Mtu anayengoja karata nzuri tu huitwa mwamba. Mzoefu anayewinda fedha za wengine ni papa. Tajiri asiyejali kupoteza ni nyangumi. Na mchezaji mpya, ambaye fedha zake zinategemewa na wote waliobaki, ni samaki. Wachezaji wana usemi kwamba ukikaa nusu saa bila kumtambua mjinga wa meza, basi mjinga ni wewe. Kwa hiyo neno samaki halielezi jinsi mtu anavyocheza. Linaeleza kazi aliyopewa mezani bila kuulizwa.

Nina ndugu, mtoto wa baba mdogo, ambaye hununua mukene Majanji na kuuvusha hadi Kenya. Ana miaka ishirini na saba, ana mke na watoto wawili. Kwa muda mrefu amecheza kadi na vijana wa upande wa pili wakati wa kungoja wateja, bila fedha, au kwa soda. Mwaka jana, jioni moja, madereva wa malori waliokuwa wakingoja mizigo yao ikaguliwe walimkaribisha katika chumba cha nyumba ya wageni wacheze poka. Alijua poka. Aliingia.

Walimweleza kanuni, hilo lazima niwatendee haki. Walimweleza kwa haraka, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza, na wakamwachia mizunguko miwili ya kutazama. Hakuna aliyeweka alama kwenye karata. Lakini kila alipopata karata nzuri, mdomo wake ulitamka ulichozoea: "Niko kadi." Wakacheka, wakakunja, akachukua fedha kidogo. Baada ya hapo walimjua kabisa. Aliponyamaza, walijua hana kitu, wakapandisha dau mpaka akajitoa. Alipojifunza kunyamaza, tayari walikuwa wameshaisoma mikono yake. Usiku kucha walimwita "fishi", fishi wetu leta, fishi wetu weka, naye akacheka nao kwa sababu alidhani wanaitaja biashara yake. Ni mchuuzi wa samaki, angedhani nini kingine? Alfajiri mtaji wa magunia sita ya mukene ulikuwa umekwisha.

Nyumbani palikuwa na kikao. Baba mdogo, ambaye hana subira na machozi ya watu wazima, alisema hapakuwa na wizi wowote: mtu mzima alikaa kwa miguu yake na akatoa fedha kwa mkono wake. Kisha akauliza swali ambalo bado naliona kuwa gumu kuliko yote: kama angeshinda, angewarudishia madereva fedha zao kwa kuwa walikuwa wamechoka? Kukhu, bibi yetu, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwa Kisamia jambo ambalo kwa Kiswahili ningelisema hivi: hata samaki hufungua kinywa mwenyewe. Hakuwa akijua lolote kuhusu lugha ya poka. Alikuwa akiongea kama mtu wa ziwani.

Maneno yake ndiyo yaliyonipeleka maktaba. Mwaka 1968 Mmarekani Albert Carr aliandika makala katika Harvard Business Review akiuliza iwapo mkwara katika biashara unapatana na maadili. Jibu lake lilikuwa kwamba biashara ni kama poka. Katika poka hakuna anayemwita mwenzake mwongo kwa kupiga mkwara, kwa sababu wote wanajua kuwa mkwara ni sehemu ya mchezo. Lililo baya ni kuficha ree kwenye mkono wa shati. Kila mchezo una maadili yake, na ayaletaye maadili ya kanisani mezani ndiye aliyekosea mahali. Ni hoja yenye nguvu, na naikubali nusu yake. Uongo ni uongo pale ambapo mwenzako ana haki ya kutarajia ukweli. Mkwara kati ya wapiga mikwara si uongo, kama vile ngumi ulingoni si shambulio.

Lakini hoja yote inategemea maneno mawili: wote wanajua. Carr anayachukulia kama kitu kilichokwisha kutimizwa. Mpakani kwetu hilo ndilo jambo la kwanza la kuchunguza. Ndugu yangu alijua kwamba anaweza kupoteza. Hilo baba mdogo yuko sahihi kabisa, na kwa hiyo siwezi kusema aliibiwa. Alikubali hatari. Ila kukubali hatari na kukubali kazi ni mambo mawili. Hatari ilikuwa ya wote waliokaa mezani. Kazi ya kuwa samaki ilikuwa yake peke yake, na iliamuliwa na wengine kwa lugha aliyodhani ni ya utani.

Hapa Immanuel Kant hunisaidia, ingawa si kwa njia aliyoikusudia. Katika kitabu chake kuhusu amani ya kudumu cha mwaka 1795 anatoa kipimo hiki: tendo linalogusa haki za wengine si la haki ikiwa kanuni yake haiwezi kutangazwa hadharani bila kuharibika. Kipimo hiki ni rahisi kukitumia. Mkwara unaweza kutangazwa; sema mwanzoni kwamba hapa tunadanganyana kwa nyuso, na mchezo utaendelea vizuri tu. Samaki hawezi kutangazwa. Mwambie mtu, "Karibu, sisi wanne tunangoja fedha zako, na wewe ndiwe chakula chetu cha leo," na mara nyingi atasimama na kwenda kulala. Hata hivyo, madereva walitangaza. Walimwita fishi usoni pake, tena mara nyingi. Kwa hiyo nadhani kipimo cha Kant kinahitaji kuongezewa jambo ambalo mtu anayeishi katika lugha moja huenda asilifikirie: kutangaza si kutoa sauti. Neno linaweza kusemwa mbele ya watu wote na likabaki siri kwa yule linayemhusu. Naona hili ni baya kuliko kunong'ona, kwa sababu anayenong'ona angalau anakubali kwamba ana kitu cha kuficha.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga kwa kuniuliza kuhusu soko letu wenyewe, na alinipinga vizuri. Mama muuzaji anaposema "hii ndiyo bei ya mwisho", sote tunajua kwamba si ya mwisho. Anaposema "nimekula hasara", hajala hasara. Huo ni mkwara, na mnunuzi wa Lunyo naye hupiga wake: hugeuka, hutembea hatua tatu, hungoja kuitwa. Ni mchezo wa watu wanaojuana. Lakini akishuka mtu wa Kampala mwenye viatu safi, bei ya mwisho huwa ya mwisho kweli, naye hulipa, na wauzaji hutazamana. Kwa hiyo sisi nasi tuna samaki wetu. Sikuwa na jibu la kumshinda. Nilisema tu kwamba kiasi kina uzito wake: nyanya zilizozidi bei haziwezi kumrudisha mtu kwao bila mtaji. Alisema tofauti ya kiasi si tofauti ya aina. Tuliishia hapo, na bado naona yeye alikuwa na nusu ya ukweli.

Sheria zimejaribu kulitatua jambo hili kwa njia ya umri. Uganda, kwa sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2016, humkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari. Kenya umri ni miaka 18. Tangu mwaka 2018 nchi hizi mbili zina kituo cha pamoja cha mpakani hapa Busia, ambapo unakaguliwa mara moja tu, na kwa hiyo mimi, mwenye miaka ishirini na mmoja, naingia jengoni nikiwa mtoto mbele ya kamari na kutoka nikiwa mtu mzima. Nacheka, lakini sheria zote mbili zina wazo la kweli ndani yake: kwamba ridhaa haitoki kinywani tu, inahitaji akili iliyokomaa. Kosa lao, kwa maoni yangu, ni kudhani kwamba kinachokosekana ni miaka. Ndugu yangu alikuwa mtu mzima pande zote mbili za mpaka. Kilichokosekana ni maneno kumi na mawili hivi.

Na si poka peke yake. Katika kubashiri mpira, ambako vijana wengi zaidi huumia, Watanzania huiita tiketi ya ubashiri mkeka, na wakikosa husema mkeka umechanika. Mkeka! Kitu cha kumkalishia mgeni, cha kuswalia, cha kulalia mtoto. Wakenya husema timu fulani imewachoma. Ukisikiliza kwa makini, lugha hiyo haina mtu anayepoteza fedha. Kuna mkeka uliochanika na timu iliyochoma, na aliyetoa fedha yuko pembeni kama shahidi. Lugha ya poka ni katili zaidi lakini angalau ina mtu ndani yake, ikimwita samaki.

Wanaoitetea poka husema kwamba kila mmoja alianza hivyo, na kwamba fedha za mwanzo ni ada ya masomo. Madereva wale bila shaka walipoteza pia walipoanza. Nakubali kwamba kuna mambo yasiyofundishika ila kwa kuumia. Ila ada hulipwa kwa mwalimu, na mwalimu hufaidika mwanafunzi akielewa. Mezani pale kila mmoja alifaidika ndugu yangu akichelewa kuelewa. Sisemi kwamba walipaswa kumfundisha kucheza vizuri. Hakuna mchezo duniani unaodai hivyo. Nasema walipaswa kumweleza mambo mawili kabla ya kupokea fedha yake ya kwanza: kwamba hapa kunyamaza ni silaha, na kwamba fishi maana yake ni yeye. Hayo yangechukua muda mfupi kuliko kuchanganya karata. Kama baada ya kuyasikia angebaki, ningesimama upande wa baba mdogo bila kusitasita.

Muhula huu baadhi yetu tunaokisoma Kiswahili tumeanza kukusanya istilahi za michezo, na zamu yangu ilikuwa karata. Mkwara ulipita bila ubishi. Riva tuliiacha kama ilivyo. Kwa yule mchezaji mpya nilipendekeza neno mgeni. Wenzangu walikataa, wakisema halitafsiri: samaki huliwa, mgeni hulishwa, na hakuna mcheza poka atakayelitumia neno linalompa huyo mtu haki ya kukaribishwa na kuonyeshwa njia. Mwingine alisema tuandike samaki tu na tuongeze maelezo. Hatukupatana, na katika orodha yetu nafasi hiyo bado iko wazi.